Waliokaa mezani na ghala lako: historia ya ahadi ya "nusu"



Hivi karibuni nilikuwa nafundisha hifadhi ya nafaka katika kijiji kimoja. Kabla sijamaliza, mzee mmoja anayenunua na kuuza mahindi akanyoosha mkono. "Bwana shamba," akasema, "tangu nikiwa kijana nasikia redioni mawaziri wamekutana kuzungumzia chakula. Hao wanaokutana ni akina nani? Na mbona dumuzi bado yumo ghalani kwangu?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa zito. Siku ile nilimjibu kwa kifupi mno. Leo namjibu vizuri, na ninyi msome.

Akina nani hukaa mezani?

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huitisha mkutano wa kanda ya Afrika kila baada ya miaka miwili. Mwenye kiti pale ni nchi. Kila serikali mwanachama hutuma ujumbe wake. Kwanza hukaa wataalamu na maofisa wa wizara, wanapitia taarifa na kuandaa mapendekezo. Kisha hukaa mawaziri.

Pembeni wapo waangalizi: Umoja wa Afrika, mashirika mbalimbali, na siku hizi vyama vya wakulima. Mwangalizi anaweza kupewa nafasi ya kusema, ila wanaoamua ni wajumbe wa serikali.

Na kinachoamuliwa hapo ni mapendekezo na ahadi, wala si sheria. Utekelezaji unategemea bajeti ya kila nchi. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Meza ilivyoanza bila sisi

Mwaka 1943, vita kuu ya pili ikiendelea, mataifa 44 yalikutana Hot Springs, Virginia, Marekani, kujadili chakula na kilimo. Kutoka Afrika nzima zilikuwepo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini tu. Sisi wengine tulikuwa chini ya wakoloni. Tulilima, lakini aliyesema kwa niaba yetu alikuwa mtawala. FAO yenyewe ikazaliwa Quebec, Kanada, tarehe 16 Oktoba 1945, na ndiyo maana Siku ya Chakula Duniani ni tarehe hiyo.

Mkutano wa kwanza wa kanda ya Afrika ulifanyika Lagos, Nigeria, Novemba 1960, mwezi mmoja tu baada ya nchi hiyo kupata uhuru. Tanganyika haikuwa mwanachama bado. Iliingia mwaka 1962, Uganda ikafuata 1963 na Kenya 1964. Kila bendera mpya ilipopandishwa, kiti kimoja kiliongezeka mezani.

Nchi hizi hazikuingia kwa unyonge. Mwaka 1963, katika mkutano mkuu wa FAO kule Roma, iliamuliwa kwamba Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi isialikwe tena kwenye mikutano ya kanda ya Afrika. Afrika Kusini ikajitoa kabisa mwaka uliofuata, na haikurudi hadi 1993. Ni katika mkutano huohuo wa 1963 ambapo Mwalimu Nyerere alitoa mhadhara wa heshima wa kumbukumbu ya McDougall. Miaka 20 nyuma hatukuwa na hata kiti.

Arusha, 1978

Miaka ya mwanzo ya 1970 ilikuwa ya shida. Ukame uliumiza nchi za Sahel, na hapa Tanzania mvua za 1973 na 1974 zilitutupa mkono hadi serikali ikaagiza chakula kwa wingi kutoka nje. Mwaka 1976 mawaziri wa kilimo wa Afrika walikutana Freetown, Sierra Leone, wakataka uandaliwe mpango wa bara zima wa kujitosheleza kwa chakula.

Mpango huo uliletwa Septemba 1978 Arusha, nyumbani kwetu, kwenye mkutano wa kumi wa kanda ya Afrika. Pale ndipo nchi zetu zilipokaa na kujadili Mpango wa Chakula wa Afrika. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na akili na fedha za nchi zikaelekea vitani. Mipango ya chakula ina adui wengi kuliko wadudu.

Aprili 1980 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Lagos wakapitisha Mpango wa Utekelezaji wa Lagos. Ndani yake walikubaliana kila nchi iweke akiba ya chakula ya karibu asilimia 10 ya mavuno, na upotevu wa mazao baada ya kuvuna upunguzwe kwa nusu.

Nusu ile ile, mara nne

Ahadi hiyo haikuwa mpya. Septemba 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limetaka upotevu upunguzwe kwa nusu ifikapo 1985. Lagos ikarudia mwaka 1980. Juni 2014 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakutana Malabo, Guinea ya Ikweta, wakaahidi nusu ifikapo 2025. Januari 2025 wakakutana Kampala, wakaahidi nusu ifikapo 2035.

Mambo ya fedha ni hivyo hivyo. Maputo, Julai 2003, waliahidi angalau asilimia 10 ya bajeti ya serikali iende kwenye kilimo ndani ya miaka mitano. Nchi nyingi hazijafika. Tathmini ya nne ya Umoja wa Afrika haikuona nchi hata moja iliyokuwa kwenye njia ya kutimiza ahadi zote za Malabo.

Mimi ni mtumishi wa serikali na siandiki haya kukejeli. Mikutano ina kazi yake. Bila ahadi ya Maputo, leo tusingekuwa na kipimo cha kuuliza bajeti ya kilimo imefikia wapi. Lakini ahadi ikitoka kwa waziri bila kushuka hadi kwa mwenye ghala, inabaki karatasi.

Dumuzi hakusubiri mkutano

Wakati wakuu wanaahidi kule Lagos, Tabora kulikuwa na mgeni. Mwaka 1981 alithibitishwa kuwa ni mdudu mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ambaye hakuwa amewahi kujulikana Afrika. Wakulima walimwita dumuzi, wengine wakamwita Scania, jina la lile lori kubwa la mizigo. Alikula mahindi ghalani hadi yakabaki unga mtupu, akaingia na kwenye makopa ya muhogo. Alisambaa mkoa kwa mkoa, kisha nchi kwa nchi.

Kilichosaidia hakikuwa azimio. Watafiti na mabwana shamba waligundua kwamba dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi. Wakulima wakafundishwa kubadili desturi: pukuchua, kisha changanya punje na dawa ya unga, Actellic Super. Kazi hiyo ilifanyika uani, kaya kwa kaya. Hapo ndipo "nusu" hupatikana.

Nusu ya nyumbani kwako

Chukua mfano. Umevuna gunia 20, na kila mwaka gunia 4 huharibika. Ukiokoa 2, umetimiza nyumbani kwako kile ambacho mikutano imekiahidi tangu 1975. Fanya hivi:

1. Kausha juu ya turubai, si chini kwenye vumbi. Pima kwa chumvi: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, iache kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Rudisha juani.

2. Pukuchua, pepeta, ondoa punje zilizotobolewa. Usichanganye mahindi mapya na masalia ya mwaka jana. Safisha ghala kwanza.

3. Tumia mifuko ya kinga njaa na ufunge kila mfuko wa ndani peke yake. Humo usitie dawa. Ukitumia gunia la kawaida, tumia dawa ya nafaka iliyosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

4. Mfanyabiashara, kagua kabla ya kununua. Gunia moja lenye dumuzi linaambukiza stoo nzima, na lori lako ndilo linalompeleka wilaya nyingine.

Kiti chako kiko wapi?

Mzee wangu aliuliza wanaokutana ni akina nani. Jibu: ni serikali zetu, na siku hizi wakulima wanasikika kupitia vyama vyao. Hapa Tanzania MVIWATA ilianzishwa 1993, Morogoro. Afrika Mashariki lipo Shirikisho la Wakulima tangu 2001. Sauti ya vyama hivyo hutoka kwenye vikundi vyenu. Kikundi kisichokutana hakina cha kupeleka juu.

Meza iliyo karibu zaidi ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Pale wewe si mwangalizi, una kura. Uliza: katika mpango wa kijiji mwaka huu, kuna nini kuhusu hifadhi ya mazao? Ghala la kijiji lina paa? Bwana shamba wenu ana usafiri wa kuwafikia? Mkisema, mtendaji ataandika, na kilichoandikwa kitapelekwa kata na halmashauri.

Mwaka 1943 wengine walituzungumzia sisi tukiwa shambani. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, usibaki tena shambani.

Mavuno mema. Mwenye swali la dumuzi aje na kopo la punje zilizoliwa, tuziangalie pamoja.