Dulbecco, Vogt na Hesabu ya Virusi

Mwaka 1950, mtafiti aliyetaka kujua kuna virusi kiasi gani ndani ya chupa yake ilimlazimu aue wanyama. Aliyazimua maji yenye virusi mara kumi, mara mia, mara elfu, akawadunga panya kundi baada ya kundi, kisha akangoja siku kadhaa aone wangapi watakufa. Vizimba vizima vya panya viliishia hapo, na jibu lililopatikana lilikuwa makisio. Wenzake waliochunguza virusi vinavyoshambulia bakteria hawakuwa na taabu hiyo. Wao walitandaza bakteria kwenye sahani ya kioo pamoja na virusi, na kesho yake wakaona matundu angavu kwenye utando wa bakteria. Kila tundu lilianzishwa na kirusi kimoja, basi ukihesabu matundu umehesabu virusi. Elimu ya virusi ilikuwa imegawanyika: upande mmoja una hesabu, na upande wa pili, unaohusu maradhi ya watu na mifugo, unapapasa gizani.

Aliyeziunganisha pande hizo ni Renato Dulbecco, daktari wa Kiitaliano ambaye hakuifikia kazi hiyo kwa njia iliyonyooka. Alizaliwa Catanzaro, kusini mwa Italia, tarehe 22 Februari 1914, akakulia Imperia, mji wa pwani ya kaskazini. Akiwa na miaka 16 aliingia Chuo Kikuu cha Torino kusomea udaktari, akapata nafasi katika maabara ya Giuseppe Levi, mwalimu wa anatomia. Maabara ile inastahili historia yake yenyewe, maana wanafunzi wake watatu, Salvador Luria, Rita Levi-Montalcini na Dulbecco, wote walikuja kupata Tuzo ya Nobel. Lakini kwanza vita viliwatawanya. Dulbecco alipelekwa Urusi akiwa daktari wa jeshi la Mussolini, akaumia mwaka 1942 kwenye uwanja wa mapigano wa mto Don, akalazwa miezi kadhaa, kisha akarudishwa nyumbani. Mussolini alipoanguka na Wajerumani wakaikalia nchi, alijificha kijijini na kuwatibu wapiganaji wa msituni. Amani iliporejea alikaa kidogo katika baraza la jiji la Torino, akaona siasa si kazi yake, akarudi chuoni kusoma fizikia.

Mwaka 1947 Luria, aliyekuwa ameshatangulia Marekani, alimwita kwenye maabara yake huko Bloomington, Indiana. Dulbecco alisafiri kwa meli moja na Levi-Montalcini. Miaka miwili baadaye alihamia California, katika taasisi ya Caltech, kwa Max Delbrück, ambaye pamoja na Luria walikuwa mabingwa wa virusi vya bakteria. Hapo ndipo maradhi ya mtu mmoja yalipobadili mkondo wa mambo. Tajiri mmoja wa California aliyekuwa ameugua mkanda wa jeshi aliipa Caltech fedha za kuchunguza virusi vinavyowapata watu na wanyama. Delbrück akawauliza vijana wake nani yuko tayari kuacha bakteria na kuifanya kazi hiyo. Dulbecco akajitolea. Kabla ya kugusa chochote alizunguka maabara kubwa za Marekani kuona wenzake wanafanyaje, kisha akarudi na swali moja: kwa nini seli za mnyama zisitandazwe kama bakteria wanavyotandazwa?

Alichagua kirusi kinacholeta ugonjwa wa ubongo kwa farasi na watu wa magharibi mwa Marekani, kirusi kinachosambazwa na mbu, akapewa chumba chini kabisa ya jengo ili hatari isienee. Alikatakata nyama ya viinitete vya kuku, akaiweka kwenye kimeng'enya cha tripsini kinachozitenganisha seli moja moja, akazimwaga kwenye chombo cha kioo mpaka zikashika chini na kufanya utando usio na pengo. Juu yake akaweka maji yenye virusi vichache. Halafu akafanya jambo dogo lililobeba uzito wote: akaufunika utando kwa agari, ile rojo inayogandishwa kutokana na mwani, ili kirusi kitakachozaliwa kisielee mbali bali kiue seli za jirani tu. Mwisho akatia rangi nyekundu inayonywewa na seli hai peke yake. Palipokuwa na virusi, seli zilikuwa zimekufa, na katikati ya wekundu yakaonekana madoa meupe ya mviringo.

Alipopunguza virusi kwa nusu, madoa nayo yalipungua kwa nusu. Mtu anaweza kuliona jambo hilo kuwa dogo. Maana yake ni kwamba kirusi kimoja kinatosha kuanzisha maambukizi, na kwamba virusi vyote vya doa moja ni uzao wa mzazi mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1952. Kuanzia hapo ikawezekana kumtenga mzazi huyo, kuukuza uzao wake, na kuulinganisha na wa mwingine. Urithi wa virusi vya wanyama ulianza kuchunguzika.

Wakati huo alikuwa amejiunga naye mwanamke ambaye jina lake halikupata nafasi linayostahili. Marguerite Vogt alizaliwa Ujerumani mwaka 1913. Wazazi wake, Oskar na Cécile Vogt, walikuwa wachunguzi mashuhuri wa ubongo ambao Wanazi waliwang'oa kwenye taasisi yao mjini Berlin. Binti yao alifanya utafiti wa inzi wa matunda wakati wa miaka ile mibaya, kisha akavuka kwenda Marekani mwaka 1950. Alikuwa na mikono stadi kuliko wengi katika kulea seli, na alifanya kazi usiku na mchana. Yeye na Dulbecco waliipeleka njia ya madoa kwenye polio, miaka ambayo chanjo haikuwepo na kosa moja mezani lingeweza kumlemaza mtu. Walichapisha matokeo mwaka 1954. Albert Sabin aliitumia njia hiyo kuzitenga aina dhaifu za kirusi cha polio alizotengenezea chanjo ya matone, matone yale ambayo akina mama wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiwapeleka watoto kudondoshewa mdomoni.

Kisha likaja suala la uvimbe. Tangu 1911 Peyton Rous alikuwa ameonyesha kwamba kirusi kinaweza kumpa kuku saratani, na kwa miaka mingi wengi walilichukulia jambo hilo kuwa kituko cha kuku. Katika maabara ya Dulbecco, Harry Rubin na mwanafunzi Howard Temin walikichukua kirusi cha Rous wakakitandaza juu ya seli. Hiki hakikuua seli. Kilizibadili zikaanza kurundikana, na mwaka 1958 walionyesha kwamba marundo hayo yanaweza kuhesabiwa kama madoa yalivyohesabiwa. Saratani ilikuwa imeingia ndani ya chombo cha kioo.

Dulbecco na Vogt waliifuata njia hiyo kwa kirusi kingine, polyoma cha panya. Walikuwa na sababu nzuri ya kukichagua. DNA yake ina herufi zipatazo 5,000 tu, ilhali ya binadamu ina takribani bilioni 3. Kirusi chenye jeni chache namna hiyo kikiweza kuigeuza seli, basi chanzo cha mgeuko kimo ndani ya jeni hizo chache, na zinaweza kuchunguzwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1960 walitangaza kwamba wamezigeuza seli za kiinitete cha hamsta kwa polyoma nje ya mwili. Seli ya kawaida ikigusana na jirani husimama, hizi hazikusimama.

Lakini palikuwa na kitendawili. Ndani ya seli zilizogeuka virusi havikupatikana. Seli iliendelea kuzaa seli mbovu vizazi na vizazi, na aliyeiharibu haonekani. Dulbecco, aliyekuwa amehamia Taasisi ya Salk huko La Jolla, alilipata jibu mwaka 1968 pamoja na Joseph Sambrook, Heiner Westphal na P. R. Srinivasan. Safari hii walitumia SV40, kirusi cha kima. Waliipitisha DNA ya seli kwenye alkali inayotenganisha nyuzi zake zote, na hata baada ya hapo DNA ya kirusi ilibaki imeunganika na ile ndefu ya kromosomu. Kirusi hakikuwa kimeondoka. Kilikuwa kimejiunga na urithi wa seli, kikirithishwa kila seli inapogawanyika.

Kwa virusi kama cha Rous, ambavyo urithi wao ni RNA, jibu lilikamilika mwaka 1970, Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa upande wake, walipogundua kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA. Baltimore naye aliwahi kufanya kazi Salk chini ya Dulbecco. Mwaka 1975 watatu hao walipewa Nobel ya tiba. Katika hotuba yake Stockholm, Dulbecco aliilaumu jamii inayoendelea kuzalisha vitu vinavyoleta saratani, tumbaku ikiwa mbele, huku wanasayansi wakihangaika kutafuta tiba. Alisema alichopaswa kusema, mahali ambapo dunia ilikuwa ikisikiliza.

Matunda ya kazi hiyo yametufikia. Mwaka 1979 watafiti wa London na kwingineko waliikuta protini ya seli iitwayo p53 imeng'ang'aniwa na protini ya SV40. Ikaja kujulikana kuwa p53 ni breki ya seli, na kirusi huizuia isifanye kazi. HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, nacho huiharibu p53. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki, na chanjo yake sasa wanapewa wasichana Tanzania, Kenya na Uganda.

Dulbecco alifariki Februari 2012, siku chache kabla ya kutimiza miaka 98. Maji ya kulishia seli yenye jina lake yanatumika kila siku katika maabara za dunia nzima. Vogt hakuwamo katika orodha ya Nobel ya 1975, ingawa jina lake limo katika makala za polio na za polyoma zilizoijenga heshima ile. Tuzo hiyo haigawiwi zaidi ya watu watatu, lakini kanuni hiyo haielezi kwa nini aliupata uprofesa mwaka 1973 tu, akiwa na miaka 60. Aliendelea na maabara yake Salk hadi uzeeni kabisa, akafariki mwaka 2007 akiwa na miaka 94. Historia ya virusi vya uvimbe ikiandikwa kwa haki, jina la Marguerite Vogt litakaa kando ya la Dulbecco, si chini yake.