Amri ya ulinzi nchini Kenya

Amri ya ulinzi ni agizo la mahakama linalomkataza mtu kumdhuru, kumtisha au kumwandama mtu wa nyumbani au wa karibu naye. Nchini Kenya msingi wake ni Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Sheria hiyo haiishii kwenye kipigo: inataja pia matusi, kunyimwa fedha, kuharibiwa mali, ukeketaji, ndoa ya kulazimishwa na mjane kurithiwa bila hiari yake.

Utaratibu

Ombi linaweza kuletwa na mke au mume, waliotalikiana, wachumba, waliozaa pamoja, jamaa, au wanaoishi nyumba moja. Mwombaji hufika mahakamani na hati ya kiapo inayoeleza aliyotendewa. Nambari ya OB (kitabu cha matukio) kutoka kituo cha polisi, fomu ya P3 iliyojazwa na daktari na jumbe za vitisho zilizomo kwenye simu huipa kauli yake nguvu. Si lazima mlalamikiwa awe amehukumiwa kwanza kwa kosa la jinai.

Hatari ikiwa mlangoni, mahakama huweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa. Baadaye mlalamikiwa hupelekewa nakala na kuitwa ajitetee. Amri huweza kumzuia kuingia nyumba waliyoishi pamoja au kufika kazini kwa mwombaji. Kumtuma mtu mwingine amtishe ni marufuku vilevile.

Kuvunja amri

Aliyepokea amri kisha akaikiuka ametenda kosa la jinai. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Akipiga au kujeruhi, hushtakiwa pia kwa kosa hilo.

Suluhu ya wazee au msamaha wa faraghani haiifuti amri. Mahakama pekee ndiyo inayoweza kuibadilisha au kuiondoa. Hata hivyo, polisi hawawezi kuchukua hatua juu ya ukiukaji wasioujua. Kwa hiyo mwenye amri aweke nakala karibu, aandike tarehe na saa ya kila tukio, na aripoti mara moja, hata kama ukiukaji ni ujumbe mmoja tu wa vitisho. Simu ya bure ya kuomba msaada wa ukatili wa kijinsia nchini Kenya ni 1195.