Kocha wa kikapu apimwe kwa mizani ipi?

Mchanga wa ufukwe wa Msimbati, mkoani Mtwara, una sifa yake. Umekaza kiasi kwamba gari linapita ukingoni mwa maji bila kunasa. Hata hivyo, mpira wa kikapu ukiudunda hapo haurudi mkononi kama unavyorudi kwenye sakafu ya saruji. Mwalimu wa michezo atakayetaka kuwafundisha vijana wa pwani hiyo mchezo huu itabidi aanze na pasi, kudunda kusubiri kiwanja.

Akifanya hivyo atakuwa ameurudia mchezo ulivyozaliwa. Desemba 1891, mwalimu wa mazoezi ya viungo James Naismith alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda katika ukumbi wa chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, nchini Marekani. Mpira aliotumia ulikuwa wa miguu. Vijana 18 waligawanywa tisa kwa tisa, wakapewa sheria 13, na mojawapo ilikataza kukimbia na mpira: ukiudaka, uutupe ukiwa hapo hapo ulipo. Kudunda kulikuja baadaye, kwa ujanja wa wachezaji wenyewe. Mchezo huo wa kwanza uliisha 1-0.

Naismith baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Kansas, akawa kocha wa kwanza wa kikapu chuoni hapo kuanzia 1898 hadi 1907. Alishinda mechi 55, akafungwa 60. Makocha wote waliomfuata Kansas wana ushindi mwingi kuliko vipigo; asiye nao ni yeye tu, aliyeubuni mchezo. Lakini mwanafunzi wake, Forrest Allen, aliirithi timu hiyo na kuipatia ushindi mara 590. Mikononi mwa Allen wakapita Adolph Rupp na Dean Smith, ambao nao waliingia katika orodha ya makocha wakubwa wa vyuo vya Marekani.

Basi tangu mwanzo swali la kumpima kocha lilikuwa na majibu zaidi ya moja. Jedwali la matokeo linamwonesha Naismith kuwa kocha aliyeshindwa. Orodha ya waliotokana naye inaonesha mtu mwingine kabisa.

Mechi ya 19-18

Mashabiki wengi husifia kocha ambaye timu yake inakimbia na kufunga sana, na humzomea anayecheza taratibu. Historia inatutaka tusiwe na haraka ya kuhukumu.

Novemba 22, 1950, Fort Wayne Pistons waliwafuata Minneapolis Lakers nyumbani kwao. Lakers walikuwa na George Mikan, jitu la urefu wa sentimita 208 ambalo hakuna aliyeweza kulizuia karibu na ringi. Kocha wa Pistons, Murray Mendenhall, hakutaka kupambana naye huko. Aliwaambia vijana wake washike mpira, wausogeze kidogo kidogo, wasubiri. Wakati huo hakukuwa na sheria iliyoilazimisha timu kurusha mpira kikapuni ndani ya muda fulani. Watazamaji walikasirika, lakini Pistons wakashinda 19-18, matokeo ya chini kuliko yote katika historia ya ligi ya NBA.

Ulikuwa mchezo mbaya kwa macho na sahihi kwa hesabu. Kwa wachezaji aliokuwa nao, mbele ya Mikan, Mendenhall alipata jibu. Ligi nayo ikajibu: mwaka 1954, kwa hoja ya Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, NBA ikaweka saa ya sekunde 24. Shirikisho la dunia, FIBA, liliweka sekunde 30 mwaka 1956 na kuzipunguza hadi 24 mwaka 2000. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA mwaka 1979 na FIBA mwaka 1984. Kila sheria mpya iliwaacha nyuma makocha waliozoea njia ya zamani na kuwapandisha walioiwahi.

Wavuvi wa Msimbati hawamhukumu nahodha kwa samaki wa siku moja. Watauliza kwanza upepo ulikuwaje, mkondo wa mdomo wa Mto Ruvuma ulikuwa unavuta wapi, na chombo alichopewa kilikuwa kizima au kinavuja. Mtindo wa timu nao ni jibu la kocha kwa wachezaji aliopewa, sheria zilizopo na mpinzani aliye mbele yake. Anayetaka kumpima aanze kwa kuyajua hayo matatu.

Thabeet kati ya makocha wawili

Watanzania tunao mfano wetu, na mpaka leo unaleta ubishi vijiweni. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1987, mwenye urefu wa mita 2.21, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun kuanzia 2006 hadi 2009. Calhoun aliujenga ulinzi wake juu ya kijana huyo. Walinzi wa mbele waliwabana wapinzani bila hofu ya kupitwa, maana nyuma yao palikuwa na mikono mirefu iliyosubiri. Thabeet alichaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa vyuo nchini Marekani mara mbili mfululizo, na mwaka 2009 Connecticut ikafika nusu fainali ya taifa.

Mwaka huo huo Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo akaanza kazi chini ya kocha Lionel Hollins, na msimu wake wa kwanza ukaisha kwa wastani wa pointi 3.1 kwa mechi. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini, wakati huo akiwa mchezaji aliyechaguliwa juu zaidi kuwahi kushushwa huko. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston.

Kwa shabiki wa Dar es Salaam, hukumu ilikuwa nyepesi: Calhoun alijua kufundisha, Hollins alimmaliza kijana wetu. Ukiangalia mchezo wenyewe, mambo hayakai hivyo.

Katika mashindano ya vyuo vya Marekani, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wote anaotaka. NBA ilipitisha sheria mwaka 2001 kwamba mlinzi asiyemkaba mtu haruhusiwi kukaa katika eneo lililopakwa rangi mbele ya ringi zaidi ya sekunde tatu. Kwa maneno mengine, kazi ambayo Calhoun alimpa Thabeet, kusimama na kungoja, Hollins hakuruhusiwa kumpa. Tena katika NBA, timu hutumia sana mbinu ambapo mrefu mmoja anamwekea kizuizi mlinzi wa mwenye mpira, na hapo mlinzi mrefu wa upande wa pili analazimika kutoka chini ya ringi, kuteleza pembeni mita tano au sita, kisha kurudi haraka. Mtu wa mita 2.21 hapendi kazi hiyo. Na katika nafasi yake Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol, wakati Zach Randolph alikuwa anamiliki upande wa pili wa eneo hilo.

Houston walipomchukua Thabeet, Memphis walimpata Shane Battier. Aprili 17, 2011, Memphis wakiwa wa nane katika ukanda wao walikwenda San Antonio kukutana na Spurs wa Gregg Popovich, vinara wa ukanda huo. Zikiwa zimebaki sekunde zisizozidi 24, Battier akapiga pointi tatu zilizoipa Memphis uongozi. Walishinda 101-98, ushindi wao wa kwanza kabisa wa hatua ya mtoano, na mwisho wakawatoa Spurs kwa mechi 4-2. Kwa watu wa Memphis, Hollins ni kocha aliyeipa timu ndogo mtindo wa kubana na kusukumana uliowatisha wakubwa.

Kocha yule yule, uamuzi ule ule, hukumu mbili zinazopingana. Tena wanaochagua wachezaji wapya NBA ni viongozi wa klabu. Kocha hupokea. Swali la haki kwa Hollins ni kama alitumia vizuri aliokuwa nao, na Aprili 2011 inajibu kwamba alitumia. Swali la nani alimleta Memphis mchezaji asiyeendana na timu ile halikuwa lake.

Mwaka wa majirani

Afrika Mashariki haijawahi kuwapima makocha wa kikapu kama mwaka 2021. Februari, mjini Yaoundé, Kenya ilicheza na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, ikitafuta tiketi ya AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika. Kenya ilikuwa haijaonekana huko tangu 1993, ilipoandaa mashindano jijini Nairobi na kumaliza ya nne. Kwenye benchi alikuwa Liz Mills wa Australia. Angola wakiongoza 73-72, sekunde zikiisha, mpira ukapewa Tylor Ongwae. Alimvuta mlinzi wake, akajirusha nyuma, akaachia. Kengele ikalia, mpira ukaingia: 74-73. Miezi michache baadaye, mjini Kigali, Mills akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya wanaume katika AfroBasket.

Je, ushindi ule ulikuwa wa Mills? Ndiyo, lakini si wake peke yake. Mwaka 2019 Cliff Owuor, kocha Mkenya, alikuwa ameipeleka Kenya fainali ya AfroCAN, mashindano ya mataifa kwa wachezaji wa ligi za Afrika, mjini Bamako na kurudi na medali ya fedha nyuma ya DR Congo. Mills aliikuta timu inayojua kushinda, akaiongezea utulivu wa dakika za mwisho. Anayempa mmoja sifa zote anamnyima mwingine haki.

Uganda nayo ilikuwa Kigali. Chini ya George Galanopoulos, kocha Mmarekani, iliwatoa Nigeria 80-68 na kuingia robo fainali. Matokeo hayo yanavutia zaidi ukikumbuka kwamba Nigeria iliwahi kuwafunga Marekani mwezi Julai mwaka huo. Lakini nyota wengi wa Julai hawakuwepo Kigali, na mpimaji makini hulihesabu hilo pia. Halikadhalika asisahau kwamba Waganda waliingia AfroBasket kwa mara ya kwanza mwaka 2015 wakiongozwa na mwenzao Mandy Juruni.

Kenya ilitolewa kwa pointi mbili tu, 60-58, na Sudan Kusini, taifa lililopata uhuru mwaka 2011. Kocha wao, Royal Ivey, aliwahi kucheza NBA, na rais wa shirikisho lao alikuwa Luol Deng, nyota wa zamani wa Chicago Bulls. Ivey alikuwa na vijana warefu, wepesi, waliokulia Australia, Marekani na kwingineko, na siku chache tu za kuwakusanya. Hakuwatwisha mbinu nyingi. Aliwaambia wakimbie, wabadilishane wa kuwakaba, warushe pointi tatu wakipata nafasi. Mwaka 2023 walimaliza wa kwanza kati ya timu za Afrika katika Kombe la Dunia na kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Julai 2024, mjini London, waliwabana Marekani ya LeBron James hadi 101-100. Wiki moja baadaye wakawafunga Puerto Rico 90-79 katika mechi yao ya kwanza ya Olimpiki.

Mizani isiyo sawa

Katika BAL, ligi ya klabu za Afrika iliyoanza 2021 jijini Kigali, mabingwa wa misimu mitano ya kwanza wote walifundishwa na wageni. Agustí Julbe wa Hispania alitwaa taji na Zamalek mwaka 2021 na tena na Al Ahly mwaka 2023. Waliobaki walitoka Serbia, Hispania na Lebanon. Ni rahisi kuhitimisha kwamba makocha wa Afrika hawawezi. Lakini hao wageni walipewa klabu zenye fedha na wachezaji walioiva, na kocha mzawa mara nyingi hupewa timu ya taifa isiyokutana mpaka wiki ya mashindano.

Chini kabisa ya ngazi hiyo yupo mwalimu wa sekondari. Mwaka 2021 Mtwara ilipokea mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari, UMISSETA, na kikapu kilikuwa miongoni mwa michezo. Mwalimu anayekwenda huko na wanafunzi waliofanya mazoezi kwenye kiwanja cha vumbi, na mpira mmoja wa kupokezana, huandikwa karatasi ile ile ya matokeo na mwalimu wa shule yenye uwanja wa saruji. Timu yake ikitoa pasi nyingi na kudunda kidogo, atasikia kwamba mtindo wake umepitwa na wakati.

Matokeo lazima yahesabiwe, maana timu inacheza ili ishinde. Lakini kabla ya kumwuliza kocha ameshinda mara ngapi, waulizwe waliomkabidhi timu: walimpa wachezaji gani, kwa muda gani, na walimwacha awachague mwenyewe? Wakishindwa kujibu, wao ndio wanaopaswa kufukuzwa kwanza.