Saksafoni ya Verckys

Dutwa, katika wilaya ya Bariadi, ni nchi ya pamba na ya mashindano ya ngoma za vikundi vya Wagika na Wagalu. Saksafoni haikuzaliwa huko, bali umaarufu wake ulivuma hadi huko kutoka Kongo. Aliyeipa hadhi kubwa kabisa, kwa rai yangu, ni Georges Kiamuangana Mateta, mashuhuri kwa lakabu ya Verckys, ambaye alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na bendi ya OK Jazz ya Franco mwaka 1963, na baada ya kurekodi nyimbo zake kwa siri, akaasisi Orchestre Vévé mwaka 1969, akiichanganya rumba na fanki ya Marekani hata saksafoni, iliyokuwa hadimu wa gitaa, ikawa sultani. Baadaye alizifadhili bendi za Bella Bella na Lipua Lipua. Alifariki Oktoba 2022.