Fundi na Mwanagenzi: Hoja kuhusu Kuwaingiza Wageni katika Mifumo Endeshi Huria, Makupa

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, ikazigawia programu nyingine nafasi katika kumbukumbu na kuziunganisha na kibodi, skrini, diski na printa. Nao huitwa huria pale ambapo msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya waundaji yanayoiamuru mashine, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Wapenzi wa mifumo ya aina hii wamezoea kumkaribisha mgeni kwa hoja mbili: kwamba ni ya bure, na kwamba inamwacha mtumiaji huru. Makala hii inadai kwamba katika mtaa kama Makupa, pale kisiwa cha Mombasa kinapopokea barabara na reli zitokazo bara, hoja ya kwanza haina uzito, ya pili ina uzito lakini huja kabla ya wakati wake, na kwamba anayeamua kama mgeni atabaki au atarudi alikotoka ni fundi wa kompyuta, ambaye wapenzi hao humsahau.

Chimbuko la jambo hili linajulikana vyema na halihitaji maelezo marefu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo endeshi huria, na mwaka 1989 ikatolewa Leseni ya Umma ya GNU, inayomruhusu mtu kuibadilisha programu kwa sharti kwamba akiigawa, wapokeaji nao wapate haki zilezile alizozipata yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa Linux, ambayo kwa hakika ni kiini tu, yaani ile sehemu ya ndani inayozungumza na vyuma vya mashine. Kiini hicho kikifungwa pamoja na zana za GNU, kivinjari na programu za ofisi hufanya kifurushi kamili kiitwacho toleo, kama vile Debian iliyoanza mwaka 1993 au Linux Mint ya mwaka 2006. Toleo la Ubuntu, lililoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, lilitumwa kwa posta bila malipo katika diski za CD hadi mwaka 2011, na ukarimu huo ulikuwa na maana ya pekee katika pwani hii, kwa kuwa kabla nyaya za TEAMS na SEACOM hazijafika Mombasa kwa njia ya bahari mwaka 2009, intaneti ilipitia kwenye satelaiti, ikawa ghali na ya polepole, na kupakua mfumo mzima lilikuwa jambo la wachache.

Hoja ya bei inaanguka kwa sababu rahisi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta katika kundi la kazi za fasihi, lakini mnunuzi wa kompyuta kuukuu huikuta imekwisha kuwekwa Windows, mara nyingi isiyo na leseni, na katika bei anayolipa haoni popote shilingi iliyokwenda kwa mfumo. Anayemwambia mtu huyo kwamba Linux ni ya bure hajamwambia jipya, kwani hata aliyo nayo anaihesabu kuwa ya bure, tena haimtaki ajifunze kitu. Wanaoendelea kuihubiri bei wanalinganisha gharama za dukani Ulaya, wala si gharama anazozijua mkazi wa Makupa, ambaye hulipa baadaye na kidogo kidogo: virusi vilivyoingia kwa flashi, faili zilizopotea, mashine inayorudishwa kwa fundi iwekwe mfumo upya.

Wapo walioona kwamba kizuizi ni lugha, na jaribio lao linastahili heshima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi uliojulikana kama Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ya istilahi iliyofanyika humo ilikuwa kubwa, na si haki kuibeza. Hata hivyo programu huria hubadilika kila baada ya miezi michache, na tafsiri isiyokuwa na watu wa kuifuata huchakaa hata kama ilikuwa nzuri kiasi gani. Zaidi ya hayo, Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili kwa ajili ya Windows XP, na watumiaji wengi wa Mombasa, waliojifunza kompyuta darasani kwa Kiingereza, waliendelea kubofya menyu za Kiingereza. Mgeni anapokwama hatafuti menyu iliyotafsiriwa. Anatafuta mtu wa kumwuliza, na mtu huyo anatakiwa ajibu kwa Kiswahili cha mtaani, leo hii, karibu na nyumbani.

Mtu huyo ni fundi, na hapa ndipo wapenzi wa Linux wanapopaswa kukaa na kufikiri. Fundi wa kompyuta hupata sehemu ya riziki yake kutokana na udhaifu uleule ambao Linux inasifiwa kwa kuuondoa: kusafisha virusi, kuweka Windows upya, kufufua mashine iliyolemewa. Kumtaka aueneze mfumo ambao hauhitaji huduma hizo, bila kumwonyesha atakula nini, ni kumtaka aukate mkono wake mwenyewe, na anapojibu kwamba Linux ni ngumu au kwamba ni ya wadukuzi tu, jibu lake lisichukuliwe kuwa ujinga, kwani ni hesabu ya biashara. Hesabu hiyo inaweza kugeuzwa. Kompyuta ya miaka kumi yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili au nne, isiyoibeba tena Windows ya sasa, hufanya kazi vizuri ikiwekwa toleo jepesi kama Lubuntu, na fundi anayelijua hilo anaweza kuuza mashine ambayo mwenzake anaivunja apate vipuri. Mwenye saiba, yaani duka la huduma za intaneti, anaweza kumlipa kwa kuziweka mashine zake katika hali ambayo mteja hawezi kuiharibu. Vilevile toleo zima hukaa katika flashi moja, likawashwa humo kwa majaribio bila kugusa diski ya mteja, na fundi mmoja akilipakua mara moja wateja wengi hawahitaji kununua bando kwa ajili hiyo.

Njia hii pia ndiyo inayofanana na elimu ya ufundi ilivyokuwa siku zote katika pwani. Seremala na mshonaji hawakufundishwa kwa kuhubiriwa ubora wa mbao au kitambaa. Mwanagenzi alikaa na fundi, akashika zana, akakosea mbele ya mtu wa kumsahihisha. Mpenzi wa Linux anayemsakinishia jirani mfumo Jumamosi kisha asionekane tena hajampata mwanagenzi, amemwacha mtu na mashine asiyoijua, na bila shaka Jumatatu mashine hiyo itarudishiwa Windows.

Vikwazo vya kweli vipo, na kuvificha ni kumdanganya mgeni. Printa nyingi za HP hufanya kazi na Linux bila taabu, lakini baadhi ya zile ndogo za Canon zimewasumbua wengi, na katika saiba printa ndiyo biashara yenyewe. Mwanafunzi wa somo la Kompyuta katika mtihani wa kuhitimu sekondari, KCSE, hufundishwa kwa kawaida kwa programu za Microsoft, na haitakuwa busara kumwondolea kile atakachopimiwa. Kwa upande mwingine, huduma za serikali zilizohamia tovuti ya eCitizen hufunguliwa kwa kivinjari chochote, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya imetoa fomu za iTax, mfumo wake wa kodi mtandaoni, kwa muundo wa ODS, unaotumiwa na programu huria ya ofisi ya LibreOffice, sambamba na ule wa Excel. Kwa hiyo sababu za kubaki na Windows zimepungua kuliko wengi wanavyodhani, ingawa hazijakwisha.

Iko hoja nyingine inayopendwa, kwamba wakazi karibu wote wanatumia Linux tayari, kwa kuwa simu za Android zimejengwa juu ya kiini chake. Ukweli huo hauwasaidii wanaoutaja. Simu hiyo yaweza kuwa na kiini kilicho wazi huku mwenyewe akiwa hana ruhusa ya kufuta hata programu alizowekewa na kiwanda, jambo linaloonyesha kwamba uwazi wa msimbo haumfikishii mtu uhuru iwapo hana ujuzi wala mamlaka ya kuutumia. Ndiyo maana hoja ya uhuru, iliyo nzito kuliko zote, hueleweka baada ya ujuzi kuja. Mwanagenzi aliyekwisha kubadilisha kitu kwa mkono wake hahitaji kuelezwa hoja hiyo kwa maneno mengi.

Wakati wa kuyafanya haya ni sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na vichakataji vya Intel vya kizazi cha nane au vya baadaye, masharti ambayo kompyuta nyingi zenye afya zinazouzwa kwa mkono wa pili haziyatimizi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, jirani kabisa na Makupa, na vyuo vya ufundi vya kaunti haviko mbali. Walimu wa vyuo hivyo na wawapeleke wanafunzi wao wa kompyuta katika meza za mafundi wa mitaani kwa mafunzo ya kazini, wakiwa na flashi zao, na waanze na printa.