Mkanda Hukatika Kwanza: Historia Fupi ya Klachi ya Pikipiki ya Theluji

Klachi ya pikipiki ya theluji inadumu muda gani? Uliza swali hili popote hapa Minnesota mwezi wa kumi na moja, watu wanapoanza kutoa mashine zao stoo, utapata majibu mengi kuliko watu uliowauliza. Mmoja atakwambia maili 3,000. Mwingine atakuapia yake ina maili 10,000 na haijawahi kufunguliwa. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na ukitaka kujua kwa nini, inabidi urudi nyuma kidogo kwenye historia.

Swali nimelichukua mimi kwa sababu ndiye niliyesoma historia. Mwenzangu kwenye kipindi ni mhandisi, na yeye ndiye aliyepitia kila nilichoandika kuhusu puli na springi. Na nyie mnaotusikiliza kutoka Muscat au Dar, mnaojiuliza hii inawahusu nini, vumilieni kidogo. Ile skuta isiyo na gia inayopita mtaani kwenu inatembea kwa mfumo huu huu.

Puli mbili na mkanda mmoja

Tuanze na kifaa chenyewe. Pikipiki ya theluji haina gia za kupandisha moja, mbili, tatu. Ina puli mbili zilizounganishwa na mkanda wa mpira. Ya kwanza imefungwa kwenye krenki ya injini. Ya pili inapeleka nguvu kwenye lile katapila la mpira linalozunguka chini ya mashine. Kila puli ina nusu mbili, kama visosi viwili vilivyogeuziana migongo, na mkanda unakaa katikati yake.

Injini ikizunguka taratibu, visosi vya puli ya kwanza viko mbalimbali na mkanda haubanwi, kwa hiyo mashine haiendi. Ukibana mafuta, vyuma vidogo vya uzito vilivyo ndani ya puli vinatupwa nje na ule mzunguko, vinasukuma kisosi kimoja kuelekea kingine, na mkanda unabanwa na kupanda juu. Kule nyuma puli ya pili inafunguka na mkanda unazama ndani. Mwendo unaongezeka bila mtu kugusa gia. Ukikuta mlima au theluji nzito, puli ya pili inahisi mzigo na kujibana tena, ni kama gia imeshuka yenyewe.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, Milton Reeves wa Indiana alitumia puli za namna hii kwenye mashine za kupasulia mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Salsbury ya California iliziweka kwenye skuta. Mwaka 1958 Waholanzi wa DAF wakaonyesha gari dogo lenye mfumo huo, na watu walifurahi sana walipogundua kwamba linaweza kurudi nyuma kwa kasi ile ile ya kwenda mbele.

Baridi haikusubiri teknolojia

Upande wa theluji, jina linalotajwa kwanza ni Joseph-Armand Bombardier, fundi wa magari wa Valcourt, Quebec, aliyezaliwa mwaka 1907. Enzi hizo barabara za vijijini zilikuwa zinafungwa na theluji kwa miezi. Bombardier alikuwa tayari anajaribu mashine zake wakati mwanawe mdogo, Yvon, alipougua tumbo majira ya baridi ya 1934. Hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitali, na mtoto akafa. Miaka michache baadaye baba yake alikuwa anauza magari makubwa ya theluji ya kubeba abiria saba, na kuna yaliyotumika kubeba wagonjwa, wanafunzi na barua.

Magari hayo yalikuwa mazito, yenye injini kubwa. Ndoto ya mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili ilibidi isubiri, kwa sababu injini ndogo ina tatizo lake: nguvu yake inapatikana tu ikizunguka kwa kasi fulani. Ukiipa mzigo mzito wakati inazunguka polepole, inazimika. Mashine nyepesi ya Bombardier, Ski-Doo, ilitoka mwaka 1959. Katika miaka ya 1960 klachi ya puli mbili ikaenea kwenye mashine za aina hiyo, kwa sababu ndiyo iliyoiwezesha injini ndogo kubaki kwenye kasi yake nzuri, iwe tambarare au mlimani.

Huku kwetu Minnesota historia hiyo ilianzia Roseau, karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Edgar Hetteen, mdogo wake Allan na David Johnson walikuwa na karakana ya zana za kilimo, ambayo ndiyo Polaris ya leo. Katikati ya miaka ya 1950 walianza kuunda mashine za theluji, na wengi waliziona kama mchezo wa kuchezea. Mwaka 1960 Edgar na wenzake wakazipeleka Alaska, wakasafiri nazo zaidi ya maili 1,000 nyikani, ili kuthibitisha kwamba zinaweza kuaminiwa. Baada ya safari ile Edgar aliondoka Polaris, akaanzisha kampuni nyingine Thief River Falls, ambayo baadaye ikajulikana kama Arctic Cat.

Kwa hiyo swali la "inadumu muda gani" ni la tangu siku za mwanzo. Mashine ikikufia maili 40 kutoka nyumba ya karibu, na baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri, mkanda wa mpira unakuwa suala la uhai.

Nani analipia mkanda?

Sehemu ya historia hii iliyonigusa zaidi iko Finland, kaskazini-mashariki, kwa Wasami wa Skolt wanaofuga kulungu wa baridi. Mashine hizi ziliwafikia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanaanthropolojia Pertti Pelto alikuwa anawafahamu kabla na baada, na kitabu chake cha mwaka 1973 kinaeleza yaliyotokea. Ndani ya miaka kama kumi, kulungu wa kuvuta sleji walikuwa karibu wametoweka. Safari ya siku ikawa ya saa chache. Lakini sleji ya kulungu ilikuwa haihitaji petroli wala spea. Mashine ilihitaji vyote viwili, na vyote vilinunuliwa kwa pesa taslimu. Aliyekuwa na pesa za kuinunua na kuitunza alibaki kwenye ufugaji. Asiyekuwa nazo, kundi lake likapungua, na wengi wakaacha ufugaji kabisa.

Nilipoisoma hiyo nilielewa kwamba umri wa klachi hautokani na chuma peke yake. Unatokana pia na umbali wa duka la spea, pesa iliyo mfukoni, na kama kuna mtu karibu anayejua kuifungua. Klachi ile ile inaweza kuzeeka vibaya kwa mtu mmoja na vizuri kwa jirani yake.

Kwa hiyo, inadumu muda gani?

Mfumo huu umepangwa hivi: mkanda ndio ufe kwanza, ili puli na injini zipone. Mafundi wengi huku wanahesabu maili 1,000 hadi 2,000 kwa mkanda, na maili 3,000 hadi 5,000 kabla ya klachi kufunguliwa na kubadilishwa vitu vilivyolika. Hayo ni makadirio ya karakana, si sheria. Anayepanda milima yenye theluji ya kiunoni atafika mwisho mapema kuliko anayetembea kwenye njia iliyosawazishwa.

Adui mkubwa ni joto. Mkanda unaoteleza unapata moto, mpira unageuka vumbi jeusi, na vumbi hilo linaingia kwenye bushi na rola. Wazee wetu waliokua karibu na kinu cha kusaga mahindi wanaijua harufu ya mkanda unaoungua. Ndiyo hiyo hiyo.

Kabla ya msimu, zima injini, toa ufunguo, fungua kifuniko uangalie. Mkanda wenye nyufa, uliotoka meno au unaong'aa kama umepigwa pasi, badilisha. Pima na upana wake, kwa sababu mkanda unaweza kuonekana mzima kumbe umeshalika. Mkanda mpya uoshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ukauke, na maili 30 hivi za mwanzo usibane mafuta hadi mwisho. Nyuso za puli zisafishwe kwa kitambaa na spiriti, na kamwe usizipake grisi. Zikiwa na mfereji unaoushika kwa ukucha, zimelika. Rola ikiwa bapa upande mmoja, imekwisha. Springi inaweza kuchoka bila kukatika, na dalili yake ni mashine kuondoka kwa kusitasita. Hakikisha pia puli mbili ziko kwenye mstari mmoja, maana zikipishana zinakula mkanda ubavuni.

Kuivua klachi yenyewe muachie fundi mwenye kifaa chake. Springi ile imebanwa kwa nguvu, ikifyatuka inaumiza, na kuitoa klachi kwa kugongagonga kunaweza kuharibu krenki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hapa ni bei ya injini.

Halafu mkanda wa akiba uwe kwenye mashine, siyo gereji. Jifunze kuubadilisha ukiwa bado nyumbani, na taa ikiwaka, kabla ya siku utakayoufanyia kazi hiyo gizani vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Kipindi kijacho tutarudi kwenye skuta. Kama kuna mzee kwenu aliyewahi kuendesha kinu cha kusaga, muulize alikuwa anajuaje mkanda unakaribia kukatika, halafu mtuletee jibu lake.