Kumsaidia mtoto kusoma nyumbani, hata kwa mzazi asiyejua kusoma

WAZAZI wengi wa Kisumu na fuo za Ziwa Victoria huamini kwamba kumfunza mtoto kusoma ni kazi ya mwalimu peke yake. Mvuvi wa omena hutoka na taa zake jioni na kurejea alfajiri. Mama anayengojea mashua ufuoni hununua samaki, akawaanika na kuwapeleka sokoni. Mtoto huachiwa nyanya ambaye pengine hakuwahi kuketi darasani. Katika nyumba kama hiyo, daftari la shule huonekana kuwa jambo lisilowahusu wakubwa.

Dhana hiyo ina hasara kubwa. Mtoto anayefika darasa la nne kabla ya kujua kusoma vyema hukwama katika masomo mengine yote, kwani hata swali la hesabu sharti lisomwe kwanza. Utafiti wa Uwezo, ulioanza nchini Kenya mwaka wa 2009 kwa kuwapima watoto majumbani mwao, ulibainisha kwamba wengi wa waliokuwa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza Januari 2003. Watoto walikuwa wameingia shuleni, lakini kuingia darasani si sawa na kujua kusoma.

Mzazi si lazima awe msomi

Watafiti waliwahi kugawa vitabu vya hadithi vyenye picha, vilivyoandikwa kwa Dholuo na Kiingereza, katika vijiji vya magharibi mwa Kenya. Baadhi ya walezi walifunzwa pia jinsi ya kuzungumza na mtoto juu ya kitabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba vitabu vilipoambatana na mafunzo hayo, walezi walisoma na watoto mara nyingi zaidi, nao watoto wakajua maneno mengi zaidi ya hadithi hizo. La kutia moyo ni kwamba watoto wa walezi wasiojua kusoma hawakufaidika kwa kiasi kidogo kuliko wenzao.

Mbinu yenyewe ni rahisi. Mlezi hufungua ukurasa na kuuliza: Huyu ni nani? Anafanya nini? Unadhani kitatokea nini baadaye? Mtoto akijibu kwa neno moja, mlezi hulirefusha. Akisema "mashua", huambiwa, "Naam, mashua kubwa yenye tanga." Desturi hii si ngeni kwa Wajaluo. Zamani watoto walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya ajuza, wakasimuliwa hadithi na kutegewa vitendawili. Kitabu cha picha huendeleza mazungumzo yale yale.

Lugha ya nyumbani

Sera ya elimu ya Kenya inataka lugha ya eneo itumike katika madarasa ya mwanzo; mijini lugha hiyo huwa Kiswahili mara nyingi. Mzazi asiogope kuzungumza Dholuo na mwanawe. Irabu huandikwa kwa herufi zile zile tano, na mtoto aliyezizoea katika lugha moja huzitambua katika nyingine. Kinachohitaji subira ni sauti ambazo Dholuo haina, mathalani "sh", "z" na "v". Mtoto anayetamka "sule" anapoona "shule" amelitambua neno. Ulimi wake tu ndio haujazoea. Arudiewe neno hilo kwa upole bila kuchekwa.

Kazi ya shule

Jua la Kisumu hutua baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Penye koroboi pekee, kazi ya shule ifanywe kabla ya giza, kwa muda usiozidi dakika 20 kwa mtoto wa madarasa ya chini. Akikwama kwenye neno, apewe nafasi ya kulijaribu, kisha asaidiwe kwa sauti ya herufi ya kwanza. Amalizapo, aeleze kwa maneno yake alichosoma. Mzazi asiyejua kusoma atatambua upesi kama maelezo hayo yana maana.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Januari 2019, umewataka wazazi washiriki zaidi. Hata hivyo, kushiriki si kumfanyia mtoto kazi. Daftari lililojazwa na mkubwa humficha mwalimu pale mtoto anapohitaji msaada. Aidha, mtoto anayekaribiza mno kitabu usoni apimwe macho kabla ya kuitwa mvivu.

Vya kusoma havikosekani: pakiti ya unga, gazeti kuukuu, maandishi ya matatu, na vitabu vya maktaba ya umma mjini Kisumu. Wala kukosa vifaa vya kielektroniki si kikwazo. Jaribio lililofanywa katika shule za Kaunti ya Kisumu halikuonyesha kwamba kompyuta ndogo za mkononi ziliwafaa wanafunzi kuliko mpango wa bei nafuu wa vitabu na mafunzo ya walimu. Mtoto huhitaji ukurasa mmoja kila siku, na mtu mzima wa kumsikiliza akiusoma.